Mkulima wa kahawa anapiga hesabu

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Vijana, hamjambo?

Wengi wenu mtaajiriwa kuwa mabwana shamba na mabibi shamba, na baadhi yenu mtapangiwa kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mkifika tu mtaambiwa kwamba mibuni imezeeka na kutelekezwa kwa sababu watu ni wavivu. Mimi nasema watu wanapiga hesabu, na mara nyingi hesabu yao iko sawa.

Kihamba, yaani eneo la familia ya Kichaga, si shamba la kahawa. Ni nyumba, na kuizunguka nyumba kuna migomba, kati ya migomba mibuni, juu yake mringaringa wa kivuli, chini magimbi, na bandani ng'ombe mmoja au wawili wanaoletewa majani. Samadi inakwenda kwenye mgomba na mbuni. Majani ya mgomba yanarudi kwa ng'ombe. Kwa ajili ya mfumo huu, mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua kijiji chetu cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mbuni wenyewe ni mgeni: wamisionari waliuleta Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ukaikuta migomba na mifereji ipo tayari. Sasa wewe ukimwambia mama apunguze migomba kahawa ipate nafasi, unamwambia aache chakula cha leo asubiri hela ya mwakani. Atakuitikia kwa adabu, atakufungia na mkungu uende nao, na migomba itabaki palepale.

Tuje kwenye uchumaji, maana hapo ndipo penye jasho. Buni haziivi kwa pamoja. Tawi moja lina nyekundu, manjano na kijani, kwa hiyo unachuma nyekundu tu, unaondoka, baada ya wiki mbili hivi unarudi mti uleule. Ulizochuma leo zikobolewe leo, maana zikilala zinaanza kuchacha. Ndiyo maana jioni, wakati wengine wanakula, utasikia mashine ya mkono inazungushwa uani, mtoto anamwaga maji, mwingine anaopoa zinazoelea. Kisha zinavundikwa ili utelezi uachie punje. Juu kabisa, kwenye baridi, zinachukua muda mrefu kuliko kwa wenzetu wa chini, na saa ya ukutani haikusaidii: unachota konzi, unasugua. Zikiteleza, bado, zikikwaruza kama changarawe, utelezi umeisha, osha. Halafu zianikwe kwenye chekeche, zigeuzwe, zifunikwe jua la mchana likiwa kali na mvua ikinyesha. Lazima abaki mtu nyumbani wa kuangalia mawingu. Na gunia moja la kilo 60 za kahawa safi limekula zaidi ya kilo 300 za buni mbivu, zote zimepita mikononi mwa watu.

Mikono ya nani? Kwa desturi ndizi na maziwa ni mali ya mama, kahawa ni ya baba. Anayeamka alfajiri kuchuma mara nyingi ni mama, jina kwenye daftari la ushirika ni la baba. Ziko nyumba zilizobadilika, ila ninyi mkiitisha semina ya kupogoa mtawapata akina baba, na kesho yake panga atashika mama ambaye hakualikwa. Akiwa na saa moja tu, ataipeleka kwenye migomba. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Halafu bei. Arabika yetu inafuata soko la New York. Mwaka 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawana kiasi cha kuuza ulivunjika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilikuwa imeanguka kiasi kwamba kununua mrututu, dawa ya kupulizia mibuni, ilikuwa hasara. Mwanzoni mwa 2025 ikapanda, ikapita dola 4 kwa ratili. Mbuni mpya unataka kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana, kwa hiyo aliyepanda kwa kuona bei ya leo atavuna kwa bei nyingine. Ushirika nao unatoa malipo ya awali, mengine baada ya mnada. Mchuuzi anakuja na noti mkononi. Bei yake ni ndogo, lakini ada ya shule haisubiri mnada. Wenzetu wa Kagera wana butura, kahawa inauzwa ikiwa bado maua. Serikali inakataza, na bado watu wanauza, maana shida haina msimu.

Mtaniuliza, basi tusiende? Nendeni, ila pelekeni kitu kinachopunguza gharama. Aina za mibuni zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, zinastahimili magonjwa ya chulebuni, yanayoozesha buni, na kutu ya majani. Anayezipanda anaokoa hela ya dawa na siku za kupuliza. Hiyo hesabu mkulima anaielewa bila semina. Msimwambie ang'oe mibuni yote kwa mpigo. Aanze na mstari mmoja, mingine iendelee kumlipa. Mashimo yachimbwe mapema, yajazwe samadi, na miche ifike masika yanapoanza. Mkiileta Juni mvua zimekwisha, nanyi mtakuwa mmempa mama kazi nyingine ya kubeba maji. Mtakapokuta imekauka, msiandike kwenye ripoti kwamba ni uvivu.

Karibuni kwa maswali.