Parachichi la Rungwe na maana ya neno "kienyeji"

FIDELIS: Kamwene, wasikilizaji wetu wa Iringa, Mbeya, Njombe na kwingineko. Leo mimi na dada Atupele tunazungumzia utandawazi na namna tamaduni zinavyosambaa, nasi tunaanzia mezani. Dada, jana nyumbani kwenu Tukuyu mlikula nini?

ATUPELE: Ndizi za kupika na maharage, kaka, na parachichi pembeni. Mama alikiita chakula cha kienyeji, nami sikumbishia, ingawa asili ya ndizi ni Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea, maharage yalitoka Amerika, na parachichi lilizaliwa Mexico na Amerika ya Kati. Naamini mama alisema kweli.

FIDELIS: Kweli kwa vipi?

ATUPELE: Kitu huwa cha kienyeji pale wenyeji wanapokishika na kukigeuza wapendavyo. Tazama mahindi. Wakulima wa Mexico waliyapata kutokana na nyasi za porini miaka ipatayo 9,000 iliyopita, yakavuka Atlantiki baada ya safari za Columbus zilizoanza 1492, na yalipofika kwetu yakaingia kwenye chungu cha ugali uliokuwa wa ulezi na mtama. Bibi zetu waliteua mahindi ya mbegu, wakayaning'iniza juu ya moshi wa jikoni yasibunguliwe, na kila msimu wakapanda yale yaliyowaridhisha wao.

FIDELIS: Tusisahau kwamba bahari ile ile iliyopitisha mahindi ilipitisha watumwa. Hata hivyo naiona tofauti unayoielekea, kwa sababu mbegu hukubali kuchaguliwa upya, lakini parachichi la aina ya Hass haliko hivyo. Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mti wake mwaka 1935, na kila mti wa Hass duniani umetokana na mti ule mmoja kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo chake kwenye shina la mche mwingine. Ganda lake nene huvumilia wiki kadhaa ndani ya kontena la baridi, ndiyo maana wanunuzi wa Ulaya walilipenda, na ndiyo maana vilima vya Rungwe na Njombe vimejaa miche yake. Mwaka 2022 China nayo ilikubali kuyafungulia soko maparachichi yetu.

ATUPELE: Faida ipo, tena kubwa, ada ya mdogo wangu imetoka humo. Lakini mwaka juzi mnunuzi mmoja alikataa kreti kadhaa za mama kwa sababu ya makovu kwenye ganda. Nilipasua tunda moja pale pale. Nyama yake ilikuwa ya njano karibu na kokwa na ya kijani karibu na ganda, laini kama siagi, bila doa hata moja. Kilichoniuma ni kwamba kigezo kilikuwa kimekwisha kuandikwa mbali, na mama hakuwa na mahali pa kusema neno.

FIDELIS: Masharti mengine yana msingi, dada. Parachichi likichumwa changa hunyauka badala ya kuiva, na mlaji aliyelinunua mara moja hatalirudia.

ATUPELE: Hilo nalikubali, na wakulima wenyewe ndio wangekuwa wa kwanza kulisimamia kama wangeitwa kikaoni. Kovu la ganda ni jambo jingine kabisa. Simu imemletea mama bei ya sokoni kila asubuhi, ila haijampa kiti mezani.

FIDELIS: Kwa hiyo kwako Hass bado ni mgeni?

ATUPELE: Nenda kwenye kitalu, kaka, utazame jinsi mche unavyoandaliwa. Fundi huotesha kwanza kokwa la parachichi la zamani, lile tunaloliita la kienyeji, kwa kuwa mizizi yake imezoea udongo wetu. Mche ukinenepa kama penseli, huukata, hupasua shina, huchomeka kikonyo cha Hass kilichochongwa kama kabari, kisha hufunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki chache vikishikana, huwezi kusema mti ule ni wa California peke yake.