Kitabu kipo rafuni, wewe ndiye hukioni

Wadau, mambo vipi? Leo tunatafuta kitabu maktaba, kuanzia kwenye simu mpaka ukishike. Nanong'ona kwa sababu niko humuhumu ndani, na dada wa kaunta ameshanitupia jicho mara mbili.

Kufungua katalogi ya maktaba ya chuo sikufundishi, unajua. Twende kwenye kisanduku cha kutafutia. Naandika: "kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka wa kwanza". Haya... hakuna kitu. Katalogi si mhadhiri, haisikilizi maelezo, inalinganisha maneno tu. Futa, acha "sarufi". Si unaona vinavyomiminika? Sasa chagua kutafuta kwa mada, andika "Swahili language". Ndiyo, kwa Kiingereza! Mada nyingi zimeingizwa hivyo hata kama kitabu chenyewe ni Kiswahili kitupu.

Ngoja, mtandao umeganda. Mtandao wa maktaba na mvua... Haya, umerudi.

Tazama kama kipo au kimeazimwa. Halafu nakili namba yake, kwa mfano huu PL 8702 .M36. Mimi naiandika kiganjani kwa kalamu, maana simu yangu ikifika asilimia ishirini inazima bila kuaga.

Kwenye mfumo wa kupanga vitabu wa Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, PL 8701 hadi 8704 ndiyo mtaa wa Kiswahili. Hiyo 8702 isome kama namba ya kawaida. Lakini .M36, tafadhali sana, usiisome thelathini na sita! Ni desimali. Nenda tarakimu moja moja kama unavyofungua kamusi: "baa" inatangulia "bi" japo ni ndefu. Kwa hiyo .M36 inakaa KABLA ya .M4.

Mwaka wa kwanza mimi nilizunguka siku tatu nikikitafuta baada ya .M4, nikatangaza darasa zima kwamba kimeibwa. Mkutubi akaja, hakusema neno, akaweka kidole juu yake. Kilikuwa usawa wa pua yangu.

Nasogeza kamera... lebo inang'aa, subiri niizibe taa kwa mkono. Hii hapa .M36, hii .M4. Tatu, kisha nne. Umeelewa? Narudia: KABLA.

Eh, na hii .R2 imefuata nini hapa? Mtu kairudisha mwenyewe. Jamani, ukimaliza kusoma acha kitabu mezani, wahudumu watakirudisha. Kikikaa rafu ya jirani, katalogi itasema kipo na hakuna atakayekiona.

Ukishakipata chako, kagua na vya kulia na kushoto, vya mada moja vinapangwa pamoja. Nusu ya marejeo ya utafiti wangu niliyaokota namna hiyo, kichwa nimekilaza upande kusoma migongo.

Na huo utafiti ukikamilika, steshenari yangu ipo hapo nje ya geti. Nabaindi siku hiyohiyo, ila usiniletee saa kumi na moja jioni ya siku ya kukusanya.