Mory hakuwa mwoga

Mabibi na mabwana, mniwie radhi kwa kuirudia hoja ambayo baadhi yenu mmekwisha kuichoka. Kila inapotajwa Touki Bouki, yaani Safari ya Fisi, filamu ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali iliyotoka mwaka 1973 kuhusu Mory na mchumba wake Anta, wapenzi wanaoota kutorokea Paris, hakosekani mtu wa kusema kwamba Mory alimwacha Anta bandarini kwa sababu ya woga. Woga gani huo, kwa kijana aliyebeba nguo za tajiri na kuondoka na gari lake?

Itazameni tena, na safari hii tegeni masikio. Anta ametangulia, Mory amekwisha kukanyaga ngazi ya meli, na Paris waliyoiota imebakiza hatua chache. Honi inalia, na papo hapo Mambéty anatuonyesha fahali mwenye pembe ndefu akiburutwa kwa kamba machinjioni. Machinjio hayo tuliyaona mwanzoni kabisa, baada ya mtoto aliyepanda ng'ombe kuliongoza kundi lililokwenda taratibu, lisijue liendako. Mory ni mchunga ng'ombe, naye pembe za fahali amezifunga mbele ya usukani wa pikipiki yake; mtu wa namna hiyo haelezwi maana ya kamba. Anageuka na kukimbia kurudi mjini, akiwa bado na suti ya wizi mwilini.

Mtaniuliza, kama mnavyoniuliza kila mara, iwapo alizipenda pembe kuliko mchumba. Swali hilo linamgeuza Anta kuwa furushi lililosahaulika gatini, ilhali Anta alibaki melini kwa miguu yake mwenyewe, kati ya Wafaransa waliokuwa wakiibeza Afrika, wala hakushuka kumfuata mtu. Filamu nyingi za wapenzi wanaotoroka huwamaliza kwa risasi za polisi, nasi watazamaji tukasamehewa kazi ya kufikiri wangeishije kesho yake. Mambéty amewaacha hai wote wawili, na hilo ndilo linalotuudhi.

Pikipiki ambayo Mory anaikuta imevunjika ilistahili saa nzima, na fisi aliye katika jina la filamu vivyo hivyo, lakini naona mwenyekiti ananitazama. Niseme tu kwamba mwaka 2013 Mati Diop, binti wa ndugu yake Mambéty, alitoa filamu ya Mille soleils, ambamo Magaye Niang, yuleyule aliyemwigiza Mory, amezeeka Dakar na bado anachunga ng'ombe, naye mwigizaji wa Anta yuko Alaska.