Pedeli Ilizama, Beka Kashika Bomba

ZUHURA: Haya tumeanza, na huyo mnayemsikia akiguna si mgeni, ni Beka yuleyule, leo kaja studio na bomba la sindano, sindano yenyewe kaitoa msiogope. Beka, anza na pedeli kwanza.

BEKA: Aisee dada Zuu, Jumanne nakanyaga breki, pedeli ikaenda, ikaenda, laini kama nimekanyaga mto wa kulalia, imekaribia sakafu ndo gari likaanza kufikiria kusimama. Nikapampu harakaharaka ikashika. Kufika kwa fundi anacheka tu, breki imeingia upepo hiyo. Namwambia mbona mafuta ya breki yamejaa, ananiambia yamejaa ndio, ila kuna hewa humo na hewa inakula mguu wako.

ZUHURA: Inakula mguu! Hiyo nimeipenda. Na ndivyo ilivyo, unakanyaga, nguvu badala ya kwenda kubana breki inaishia kufinya viputo.

BEKA: Sasa nimeleta ushahidi. Hili nimeziba tundu kwa kidole, ndani hewa tupu, nabonyeza... chini ya nusu hiyo, naachia linarudi. Haya, sasa nimejaza maji. Nabonyeza... mmmh... imeshuka!

ZUHURA: Haijashuka.

BEKA: Kidogo!

ZUHURA: Beka, yamevuja kwenye kidole, umenilowanishia karatasi za kipindi. Na nilikuwa na mambo matatu humu nimeyapanga vizuri.

BEKA: Kwani kuyafinya inataka nini?

ZUHURA: Asilimia 1 tu inataka presha kama mara 220 ya hii ya angahewa. Bomba lako hilo lina kipenyo kama milimita 15, basi fikiria uweke mzigo wa kilo 400 hivi juu ya kidole gumba.

BEKA: Kidole hiki hakijasajiliwa kwa kazi hiyo.

ZUHURA: Hewa molekuli zake zimeachana mbali, unachobana pale ni nafasi tupu zaidi, lakini kwenye kimiminika zimeshagusana, huna pa kuzisogeza. Ndo maana watu wakiweka gesi, kimiminika, yabisi kama ngazi tatu zinazolingana mi nakereka, maji ni magumu kubana kuliko hewa kama mara 20,000, halafu chuma kinayazidi maji mara 70 tu au zaidi kidogo. Kwa kubanwa, maji yako upande wa chuma bana.

BEKA: Si ndo tulichofundishwa sasa, maji hayabaniki. Nabonyeza tena.

ZUHURA: Na huo ndo uongo wenyewe! Yanabanika. Mwanasayansi Mwingereza John Canton alilionyesha 1762. Kabla yake kule Florence, Italia, walijaza maji kwenye tufe la metali wakalibana, maji yakatoka yanajipenyeza kwenye metali yenyewe.

BEKA: Kama kidole changu! Hao ndo wenzangu.

ZUHURA: Nisikilize. Chini kabisa baharini, Challenger Deep, karibu kilomita 11, presha inapita mara 1,000 ya hii ya angahewa, maji ya kule yameshindiliwa kama asilimia 5. Maji yasingebanika kabisa bahari zote zingepanda makumi ya mita. Na sauti je? Ndani ya maji inakwenda kama mita 1,480 kwa sekunde, inapita kwa kuyabana na kuyaachia.

BEKA: Sawa, lakini fundi wangu haishi Challenger Deep. Ukikanyaga breki kwa nguvu kweli presha ni kama mara 100, mafuta hayapungui hata asilimia 1. Mtoto akiambiwa hayabaniki ataelewa breki siku hiyohiyo, ukimwambia yanabanika ila kidogo sana ila inategemea, keshalala.

ZUHURA: Mwambie ni magumu sana kubana. Maneno manne! Kwanini umdanganye?

BEKA: Si kudanganya, ni kumrahisishia.

ZUHURA: Kurahisisha kunakofanya asiulize tena ni kudanganya.

BEKA: Aulize baadaye, breki anakanyaga leo.

ZUHURA: Hapana Beka.

BEKA: Hapana na wewe.

(kimya)

ZUHURA: Unabonyeza tena?

BEKA: Nabonyeza. Kama yanabanika si nitaona?

ZUHURA: Kwa gumba lako yanapungua kama sehemu moja ya elfu ya mililita, utaonea wapi! Halafu naoneshwa mkono hapa, dakika mbili. Hatujagusa chuma, hatujagusa kanuni ya Boyle, ile ya gesi kupungua ujazo ukiibana, ukurasa wenyewe umelowa wino umetapakaa.

BEKA: Boyle si alifariki 1691? Atatusubiri.

ZUHURA: Haya wapendwa, tukutane wiki ijayo, na breki za huyu mtu zimeshatolewa upepo, kama mlikuwa na wasiwasi...

BEKA: Zuu. Zuu, imeshuka.

ZUHURA: Haijashuka.