Nyangumi wa Norwei: chagua mwezi kabla hujalipa

Habari zenu wapendwa. Kila nikiweka picha ya Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, swali ni lile lile: "Nije lini nione nyangumi, na nijiandae na shilingi ngapi?" Nikijibu, wapo watakaosema naringa. Nikitaja gharama, wengine watasema nawabania. Semeni tu. Namjibu mwenye nia ya kuja, na mfuko wako unaujua mwenyewe.

Tuanze na mwezi, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapozama. Nyangumi wa nundu na orka (wale weusi wenye mabaka meupe) huku hufuata heringi, samaki wadogo wanaojazana kwenye ghuba za kaskazini takribani Novemba hadi mwisho wa Januari. Na heringi hawana mkataba na mtu. Miaka ya nyuma walijaa karibu na Tromsø penyewe, baadaye wakasogea Skjervøy, kaskazini zaidi, nyangumi nao nyuma yao. Kwa hiyo tangazo likisema "kutoka Tromsø", uliza boti inaishia wapi. Kama ni Skjervøy, hesabu kama masaa matatu kwenda na matatu kurudi, na tiketi inaweza kufika karibu krone 2,000 (pesa ya Norwei), wengine zaidi. Ukilala Skjervøy njia inafupika, ila wengi wanatumia boti ndogo za wazi: unarushwa huku na huku na upepo unakuchapa usoni.

Halafu giza. Tromsø jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Mchana unapata mwangaza wa buluu wa masaa machache basi. Mimi anayetaka picha ningemwambia aje nusu ya kwanza ya Novemba. Desemba itakubidi upandishe sana ISO (uwezo wa kamera kunasa mwanga hafifu), la sivyo mkia wote unatoka ukungu.

Huwezi msimu wa baridi? Nenda Andenes, mji mwingine wa pwani huku Norwei, kiangazi. Huko kina cha bahari kinaporomoka karibu kabisa na pwani, na ndiko yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa, spermhval wanavyomwita hapa, anakowinda ngisi. Ni madume tu, majike na watoto hubaki maji ya joto. Nahodha anashusha maikrofoni majini kumsikiliza akigonga tik-tik-tik. Milio ikikatika, anapanda. Pumzi yake hairuki wima, inalala mbele kushoto. Atapumua juu kwa dakika kadhaa, kisha anakunja mgongo na kuinua mkia: hapo ndipo pa kupiga picha, maana akishazama anaweza kukaa chini dakika 45 au zaidi.

Narwali, yule nyangumi mwenye jino refu kama mkuki, usimtarajie Tromsø. Beluga, nyangumi weupe, wapo Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa, na hapo wengi wanaumia kwa makaratasi. Svalbard ni ya Norwei lakini haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukipanda ndege kwenda huko umeshatoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja imekwisha. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi tangu mwanzo.

Viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima lazima ifikie euro 30,000. Kinachoniudhi ni mtu wa Dar au Nairobi kuonyesha hoteli na ndege kabla hajajua kama atapewa hiyo viza, ilhali mwenye pasipoti ya Ulaya anaamka tu na kusafiri. Basi shika hoteli inayokubali kughairiwa bure.

Na kama shida yako ni nyangumi wa nundu tu, huko Watamu, pwani ya Kenya, wanapita kuanzia Julai hadi Septemba hivi, wakitokea bahari ya kusini kuja kuzaa. Sikukatazi kuja huku, nakuonyesha njia isiyo na viza kwa Mkenya.

Ukija, vaa sufu ndani. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Dawa ya kichefuchefu meza kabla boti haijaondoka, ukishaanza kutapika umechelewa. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukirudi kwenye joto, kamera ifungie kwenye mfuko wa plastiki kwanza ipate joto polepole, isije ikaloa ndani. Na kabla ya kulipa soma masharti: nahodha akiahirisha kwa upepo kwa kawaida unarudishiwa pesa, lakini mkitoka na nyangumi wasionekane, wengine hawarudishi hata krone, wengine wanakupa safari ya pili, ambayo haikusaidii kitu kama ndege yako ni kesho asubuhi.