Kukolea si Ukali

Vijana wangu, sogeeni karibu, hata nyinyi wa nyuma. Nina bilauri tatu, betri, nyaya mbili na taa ndogo. Hii ina maji ya sukari: taa haiwaki. Hii ina maji ya chumvi, chumvi ile ile wanayotilia samaki wa kayabo pale mwaloni Kirumba: taa inang'aa. Ya tatu ni siki. Kingeni mwanga wa dirisha muone. Inawaka, lakini kwa unyonge.

Sukari huyeyuka huku molekuli zake zikibaki nzima, bila chaji, kwa hiyo si elektroliti, yaani kitu ambacho kikiyeyuka majini hupitisha umeme. Chumvi ikiyeyuka huachana yote kuwa ioni, chembe zenye chaji, za sodiamu na za kloridi. Hiyo ni elektroliti kali. Siki ina asidi asetiki, ambayo ni elektroliti dhaifu. Ikiwa mola 0.1 katika lita (mola ni kipimo cha wingi wa molekuli), katika kila molekuli 1000, zilizoachana ni kama 13 tu. Na si 13 zile zile: hizi zinarudiana, nyingine zinaachana, muda wote, hesabu ikibaki pale pale.

Sasa lile kosa ambalo kila nikisahihisha mitihani linaniuma, maana anayelifanya mara nyingi amesoma kweli. Anaandika kwamba asidi kali ni ile iliyokolea. Hapana! Kukolea ni wingi wa ulichotia majini. Ukali ni sehemu gani ya ulichotia imeachana. Asidi haidrokloriki ya mola 0.001 katika lita ni nyepesi mno, na bado ni kali, kwa sababu imeachana yote. Asidi asetiki ukiizimua hadi hapo, zinazoachana zinapanda kutoka 13 hadi kama 125 kati ya 1000, lakini ioni katika kila lita zimepungua. Ndiyo maana taa haikupi jibu la haki mpaka ulinganishe mimumunyo yenye ukolezi sawa.

Chokaa ya kupaka ukuta nayo huwachanganya wengi. Ukiikoroga majini, nyingi inatuama chini, na mwanafunzi anasema ni dhaifu. Ile kidogo iliyoyeyuka imeachana karibu yote. Ni besi, yaani kinyume cha asidi, iliyo kali lakini isiyoyeyuka sana.

Na dhaifu si salama. Asidi haidrofloriki ni dhaifu, lakini hupenya ngozi na kufika mpaka kwenye mfupa.

Haya, nani ameleta maji ya ziwa? Njoo uchovye nyaya.