Kipindi cha 41: Mchanga wa Mambrui ndani ya chupa ya achari

RUKIA: Karibuni tena. Ni Rukia, na Kahindi yuko mbele yangu kama kawaida, hapa Malindi. Leo tulipanga hatua tano za kutafuta dhahabu, kuanzia ramani mpaka mgodi. Karatasi iko mezani. Lakini kabla ya karatasi kuna hii chupa.

KAHINDI: Inanukia achari.

RUKIA: Ilikuwa ya achari ya embe. Sasa ngoja niwaeleze. Jumanne nilikwenda Mambrui kumjulia hali mjomba. Nikamkuta barazani, hana raha. Akaingia ndani, akatoka na chupa hii, akaiweka juani. Wallahi, Kahindi, ilimeta mpaka nikafinya macho. Akaniambia, "Mwanangu, hii yatoka pale pale tunapovuta mashua." Kuna mtu alimjia akamwambia ni dhahabu, akachukua shilingi 15,000 za kwenda kuipima. Wiki ya tatu sasa, simu haishikwi.

KAHINDI: Pole zake. Nawe ulimwambiaje?

RUKIA: Sikumwambia. Unajua babangu alikuwa sonara. Nimekua nikimwona akisugua pete kwenye jiwe jeusi, anadondoshea tindikali kwenye ule mstari. Wa shaba unayeyuka, wa dhahabu unabaki. Niliiona ile chupa nikajua. Lakini mzee alikuwa ameshapanga paa la mabati kwa mali iliyo mle ndani. Nikanywa chai, nikaomba nije nayo kwako.

KAHINDI: Ni ulanga, dadangu, madini ya vigamba vinavyometa. Tazama, nimeweka kigamba kimoja kwenye ukucha. Nakipinda kwa ncha ya sindano... kimepinda, nikikiachia kinarudi. Sasa nakichomeka ubavuni, kinachanika tabaka mbili. Dhahabu haichaniki tabaka. Ukiigonga inakuwa bapa tu.

RUKIA: Na umetoka wapi wote huu? Maana pwani nzima ile inametameta.

KAHINDI: Umeletwa na Sabaki. Sabaki ndiyo Galana, na juu huko ndiyo Athi, mto mmoja wa majina matatu. Unapita Ukambani kwenye miamba iliyopikwa na kukandamizwa chini ya milima ambayo leo haipo tena, na miamba ile ina ulanga mwingi. Mto unaubeba kwa urahisi kwa sababu ni mwembamba kama magamba ya samaki. Ukifika mlangoni pale kaskazini yetu, bahari inausambaza mpaka Mambrui.

RUKIA: Basi tufanye ile ya maji, msikilizaji asikie. Natia maji... natikisa... naweka.

KAHINDI: Hesabu.

RUKIA: Moja, mbili, tatu... Mchanga mzito umeshakaa. Kuna mstari mweusi chini kabisa. Ile ya kumeta bado inazunguka juu, inaogelea.

KAHINDI: Umeona! Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji ya ujazo sawa na wake. Kwazi, yaani jiwe jeupe lile gumu, haifiki hata mara tatu. Ingekuwa dhahabu ya ukubwa ule ingetangulia chini kabla ya kitu chochote. Huo mweusi ni madini ya chuma na titani. Lete sumaku ya ile spika mbovu uone baadhi yake itakavyorukia.

RUKIA: Basi nimwambie mjomba jaribio limekwisha.

KAHINDI: Hapana, halijakwisha. Chupa ina mafuta.

RUKIA: Mafuta ya achari?

KAHINDI: Dhahabu laini sana, vumbi lake, haipendi maji. Ikipata mafuta kidogo inaelea juu kama unga. Mtu anayeosha mchanga kwa karai huusugua ule karai kwa sabuni kwanza, hata vidole anavisugua. Chupa hii haikuoshwa. Kwa hiyo kwa vile vigamba nimeshakujibu kwa sindano, lakini kuhusu vumbi, chupa ya achari haiwezi kuniambia lolote.

RUKIA: Ati sasa yule mkaza mjomba ndiye ameharibu utafiti! Na jana alinipigia akiulizia chupa yake. Si achari, chupa.

KAHINDI: Unacheka, lakini ndivyo kazi ile ilivyo. Nilipokuwa Migori nikichukua sampuli za udongo, tulikatazwa kuvaa pete. Pete ya dhahabu ikikwaruza sepetu, maabara inasoma dhahabu shambani ambako hakuna. Na katika mifuko tuliyopeleka tulichanganya mfuko mmoja wa mchanga tunaoujua hauna kitu. Mfuko ule ukirudi na dhahabu, ujue maabara imechafua, au wewe umechafua. Huyo mtu wa mjomba, hata kama angekwenda kupima kweli, angepima nini? Sampuli moja, ndani ya chupa ya achari?

RUKIA: Na huko Migori mlichimba wapi? Mtu anasimama shambani anajuaje achukue hapa asichukue pale?

KAHINDI: Tulipiga mistari kwa mistari, unachukua udongo kila baada ya hatua kadhaa. Na nikikwambia kitu nilichokipenda kuliko vyote, ni vichuguu. Mchwa anashuka chini kufuata unyevu, anapanda na udongo wa chini uliofunikwa. Ukichukua kichuguu umechimba bila jembe. Tena mara nyingi huanzi na dhahabu yenyewe, unatafuta aseniki, ile elementi yenye sumu, kwa sababu aseniki husafiri na dhahabu na alama yake ni pana zaidi.

RUKIA: Husafiri? Inasafiri na nini?

KAHINDI: Na maji ya moto. Chini kilomita nyingi kuna maji ya nyuzi 300 na zaidi, yanapita kwenye nyufa. Mwamba wa kawaida una miligramu chache tu za dhahabu kwenye tani nzima. Maji yanaiokota kidogo kidogo, na kinachoibeba ndani ya maji ni salfa. Salfa ndiyo punda, dhahabu ndiyo mzigo.

RUKIA: Punda wa Lamu.

KAHINDI: Huyo huyo. Sasa ardhi inatetemeka, ufa unafunguka ghafla, shinikizo linaanguka kama soda uliyoifungua. Salfa inatoka kama gesi, au inakutana na mwamba wenye chuma ikashikana nao. Punda ametoroka, mzigo umeanguka pale pale. Kwazi nayo inaganda, unapata ule mshipa mweupe. Kesho ufa unafunga, miaka inapita, unafunguka tena. Mara elfu na elfu. Ndipo tani inafika gramu moja au zaidi, na hapo mtu anaweza kufikiria mgodi.

RUKIA: Na kwa nini Migori na Kakamega, isiwe hapa?

KAHINDI: Miamba ya kule, kuzunguka Ziwa Victoria mpaka Geita ya Tanzania, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni lava za chini ya bahari, zimejaa chuma, zimekunjwa na kupasuka. Nyufa ziko, chuma kiko, maji yalipita. Hapa Malindi tumekalia matumbawe na mchanga, ukienda Marafa unaona mchanga na udongo ulioliwa na mvua. Kwa umri ni vitoto vidogo.

RUKIA: Lakini pwani hii iliuza dhahabu kabla ya Geita kusikika! Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, Kilwa ikitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo.

KAHINDI: Iliyochimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, kwenye miamba ya aina ile ile ya kale. Sisi tulikuwa bandari.

RUKIA: Haya, na hapo ndipo ninapotaka kukushika. Nani aliyeipata ile ya Zimbabwe? Wenyeji, bila vyeti. Johannesburg 1886 ni watafutaji wa kutembea kwa miguu. Kakamega 1931, watu na makarai mtoni. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952 na mpaka leo wenyeji wanachimba kule. Kisha anakuja mwanajiolojia na kibanda chake anasema "nimegundua". Umegundua shimo la mtu!

KAHINDI: Wachimbaji wadogo walipata kile kilichochomoza juu. Siwanyimi hilo. Lakini kilichochomoza kinakwisha. Carlin, kule Nevada, Marekani, mwaka 1961: dhahabu ya ile milima ni vumbi lisiloonekana kwa jicho wala kukamatwa na karai. Watu wa karai walikuwa wamepita maeneo yale miaka mingi. Ni wanajiolojia waliosoma miamba wakasema chimba hapa.

RUKIA: Huo ni mmoja.

KAHINDI: Ni mmoja uliozaa migodi mingi, ukanda mzima.

RUKIA: Nami nasema mama anayetwanga mawe Kakamega anaujua mshipa unaolipa kwa rangi ya kutu yake, na hakuna aliyeandika jina lake kwenye ripoti. Hiyo ni elimu ya jiolojia.

KAHINDI: Ni elimu, naiheshimu. Lakini haiwezi kukwambia mshipa unaishia mita 40 au 400. Mpaka utoboe, utoe mwamba kama mkongojo mrefu, usome sentimita kwa sentimita. Watu wanakufa kwenye mashimo kwa kufuata mshipa wasiojua unakwenda wapi, Rukia.

RUKIA: Wanakufa kwa sababu hakuna anayewapelekea hiyo mashine. Si kwa sababu hawajui.

KAHINDI: Hapo hatukubaliani.

RUKIA: Hatukubaliani, wala leo hatutakubaliana.

KAHINDI: ...Saa ngapi?

RUKIA: Dakika nne kabla ya magharibi. Na karatasi hatujaigusa. Hatua tano zote ziko hapa, na ile ya mahandaki niliiandika usiku kucha.

KAHINDI: Iweke. Wiki ijayo tuna mgeni wa uvuvi, kwa hiyo sijui lini. Mjomba je?

RUKIA: Nitakwenda kesho asubuhi. Utakuja?

KAHINDI: Nitakuja. Nitaleta sindano na karai iliyosuguliwa, tutakwenda pale penye mashua maji yakipwa, aoshe yeye mwenyewe kwa mkono wake. Na tutapita kituo cha polisi aandikishe zile 15,000.

RUKIA: Nipe basi hiyo chupa niisuuze, mkaza mjomba anaingoja.

KAHINDI: Mchanga uumwage kwenye ile sahani. Mweusi wa chini sijamaliza nao.